Cousteau: mtu aliyehesabu samaki kwa baruti kabla ya kuwaonyesha dunia wakiwa hai

Katika filamu iliyompatia Mfaransa Jacques-Yves Cousteau sifa dunia nzima, kuna dakika chache ambazo wapenzi wake wengi wangependa zisiwemo. Wanaume wa meli yake, Calypso, wanatega baruti kwenye mwamba wa matumbawe. Wanarudi nyuma. Maji yanaruka juu. Halafu wanashuka na kuokota samaki waliokufa, wanawapanga kwa aina zao na kuwaandika mmoja mmoja.

Hawakuwa wanatafuta kitoweo. Ilikuwa hesabu. Wataalamu walitaka kujua ni samaki wa aina gani wanaishi pale na ni wangapi, na filamu yenyewe inaeleza kwamba kuvua kwa baruti ni uharibifu mtupu pale mvuvi anapofanya hivyo, lakini kwa mwanasayansi hakuna njia nyingine. Hoja hiyo haingepita leo mbele ya mvuvi yeyote wa ziwa Tanganyika au wa ziwa Edward aliyewahi kunyang'anywa wavu wa matundu madogo.

La kushangaza ni kwamba mtu huyohuyo alikuwa ameshika njia nyingine mkononi. Cousteau ni mmoja wa watu wawili waliotengeneza mtungi wa hewa wa kuzamia, ule unaomruhusu mtu kuogelea chini ya maji bila kufungwa kwa bomba linalotoka juu. Alikuwa pia na kamera zinazofanya kazi ndani ya maji, wakati ambapo watu wachache sana walikuwa nazo. Leo samaki wa matumbawe wanahesabiwa kwa kamera, na papa pia. (Papa ni samaki yule mkubwa wa bahari mwenye meno ya msumeno, Wacongo wengi wanamwita kwa Kifaransa, requin, kwa kuwa huku kwetu papa ni baba wa nyumba.) Ili kufika hapo ilibidi kwanza mtu azamie, apumue, apige picha, na akosee.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Baba yake, Daniel, alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi kwa matajiri wa Kimarekani, na familia ilihamahama kumfuata. Jacques alikuwa mtoto wa kuuguaugua, na shuleni hakung'aa. Alifukuzwa mara moja kwa kuvunja vioo vya madirisha. Lakini alipenda masini. Akiwa kijana mdogo alikusanya pesa zake, akanunua kamera ndogo ya filamu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuifungua yote aone kilichomo ndani.

Mwaka wa 1930 aliingia chuo cha maofisa wa jeshi la majini huko Brest. Hakutaka meli. Alitaka kurusha ndege, na angekuwa rubani kama si ajali ya motokari ya mwaka wa 1936. Usiku mmoja, akiendesha gari la baba yake milimani, alipinduka na kuvunjika mikono yote miwili. Waganga walitaka kuukata mkono wa kuume, alikataa. Ilimchukua miezi mingi kuufufua. Ndoto ya ndege iliishia hapo, akapelekwa Toulon, bandari ya kusini, ambapo kuogelea kulikuwa sehemu ya dawa yake.

Huko Toulon rafiki yake, ofisa Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuzamia. Cousteau aliinamisha kichwa ndani ya maji akaona mawe, majani na samaki waziwazi kabisa. Aliponyanyua kichwa aliona tramu ikipita barabarani na watu wakienda kazini. Dunia mbili zilitengwa na ngozi nyembamba ya maji. Tangu siku ile hakuacha tena kuzamia. Wa tatu katika kundi lao alikuwa Frédéric Dumas, mzamiaji hodari kuliko wote, aliyewinda samaki kwa mkuki bila kifaa chochote cha kupumulia. Mwaka wa 1937 Cousteau alimuoa Simone Melchior, binti wa familia ya maofisa wa bahari. Baba yake Simone alikuwa na cheo katika kampuni ya gesi ya Air Liquide, na jambo hilo baadaye likawa na maana kubwa.

Hewa ya mfukoni

Tatizo lilikuwa pumzi. Mtu anayezamia kwa mapafu yake tu hupata dakika moja au mbili, kisha lazima arudi juu. Wazamiaji wa kazi walikuwepo, wenye kofia za shaba na viatu vya risasi, lakini walifungwa kwa bomba kama mbuzi kwenye kamba na walitembea kwa shida. Cousteau alijaribu kupumua oksijeni tupu, na mara mbili ilikaribia kumuua: oksijeni tupu inapokandamizwa na uzito wa maji inageuka sumu, mwili unatetemeka, akili inazimika.

Suluhisho lilitokana na vita. Wajerumani walikuwa wameikalia Ufaransa, esansi ikakosekana, na motokari nyingi zikaanza kutembea kwa gesi ya makala au ya kuni. Injinia mmoja wa Air Liquide, Émile Gagnan, alikuwa ametengeneza valvu ndogo ya kuipimia injini gesi kadiri inavyoihitaji. Kupitia baba mkwe wake, Cousteau alikutana na Gagnan mjini Paris mwishoni mwa 1942 na kumweleza anachotaka: valvu ya namna hiyo, lakini ya mapafu ya mtu. Impe hewa anapovuta, inyamaze anapoacha, na nguvu ya hewa iwe sawa na nguvu ya maji yanayomzunguka.

Jaribio la kwanza lilifanyika katika mto Marne, karibu na Paris, Januari 1943, wakati wa baridi kali. Mzamiaji akilala sawasawa, kifaa kilifanya kazi. Akisimama, hewa ilimwagika ovyo. Akigeuza kichwa chini, ilibana. Waligundua kosa wakiwa njiani kurudi: tundu la kutolea hewa lilikuwa mbali na la kuingizia, na tofauti ndogo ya kina kati ya matundu hayo mawili ilitosha kuvuruga kila kitu. Wakayaweka pamoja. Juni mwaka huo, karibu na Bandol kwenye pwani ya kusini, Cousteau alishuka baharini na mitungi mgongoni. Simone alimwangalia kutoka juu ya maji kwa miwani na bomba fupi la kupumulia, Dumas akingoja ufukweni tayari kumwokoa. Cousteau aligeuka, akabiringika, akasimama kwa kichwa chini: hewa ilimfuata popote. Alirudi na kamba wakubwa wa kula, chakula cha thamani wakati ule wa njaa.

Kifaa kiliuzwa baadaye kwa jina la Aqua-Lung. Leo mzamiaji yeyote wa burudani, wa polisi au wa utafiti, awe Zanzibar au Bujumbura, anapumua kwa masini iliyotokana na ile.

Kamera ilikwenda sambamba na mtungi. Filamu ya kwanza ya Cousteau chini ya maji, ya mwaka wa 1942, ilipigwa kwa kushika pumzi tu. Mkanda wa sinema haukupatikana sababu ya vita. Walinunua mikanda mifupi ya kamera za kawaida za foto na kuiunganisha kipande kwa kipande gizani, chini ya mablanketi. Kamera iliwekwa ndani ya kasha lisiloingiza maji, lenye vishikio nje. Mwaka uliofuata, wakiwa na mitungi, walipiga filamu nyingine juu ya meli zilizozama. Dumas aliingia kwenye vyumba vya meli zile na kamera ikamfuata, jambo ambalo watazamaji hawakuwa wamewahi kuliona.

Miaka ile ina upande mwingine ambao wanaosimulia habari zake mara nyingi huuruka. Kaka yake, Pierre-Antoine, alikuwa mwandishi mkubwa wa gazeti lililowaunga mkono Wanazi na kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi. Jacques mwenyewe alifanya kazi ya siri dhidi ya Waitalia na akapewa nishani kwa hiyo. Kaka alihukumiwa kifo mwaka wa 1946, baadaye adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo. Jacques alikwenda mahakamani akiwa amevaa sare ya jeshi kumtetea ndugu yake, ingawa alijua jambo hilo lingeweza kumharibia njia ya vyeo.

Meli ya franga moja

Vita vilipokwisha, jeshi la majini liliwapa Cousteau, Tailliez na Dumas kikosi kidogo cha utafiti wa chini ya maji huko Toulon. Walitegua mabomu yaliyoachwa baharini na kupima mwili wa binadamu unavumilia kina gani. Mwaka wa 1948, karibu na visiwa vya Cape Verde, Cousteau na Dumas walijikuta maji ya wazi wakizungukwa na papa, mashua yao ikiwa mbali. Papa mmoja alimjia Cousteau moja kwa moja. Kwa kukosa silaha nyingine, alimgonga puani kwa kamera yenyewe. Hapo inaonekana jinsi alivyowatazama papa miaka hiyo: adui wa kupigwa, na kwa wakati huohuo kiumbe ambaye lazima apigwe picha.

Mwaka wa 1950 tajiri Mwingereza, Loel Guinness, alinunua meli ya mbao iliyokuwa imejengwa Marekani kwa ajili ya kufagia mabomu ya baharini, kisha ikavusha watu na magari huko Malta. Akamkodishia Cousteau kwa franga moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo Calypso. Waliijengea chumba cha chuma puani, chini ya mstari wa maji, chenye madirisha ya vioo, ili mtu alale kifudifudi na kutazama samaki meli ikitembea. Simone aliuza vito vyake kusaidia kuitayarisha, na katika miaka iliyofuata aliishi ndani ya meli siku nyingi kuliko mume wake. Mabaharia walimwita Mchungaji, na bila yeye, wengi wao walikiri, Calypso isingedumu. Katika filamu haonekani karibu kabisa.

Pesa zilitafutwa popote. Mwaka wa 1954 Calypso ilifanya kazi kwenye Ghuba, mbele ya Abu Dhabi, kwa niaba ya kampuni ya mafuta ya Waingereza; wazamiaji walishuka kuvunja vipande vya mwamba wa chini ili wataalamu waangalie kama kuna petroli. Mlinzi wa bahari wa baadaye alianza kwa kuwasaidia wachimbaji wa mafuta, na pesa zile zililipa sehemu ya safari zake.

Mwaka wa 1955 Calypso ilipita bahari ya Shamu na kuingia bahari ya Hindi, ikiwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, Louis Malle, kama mwongozaji mwenza wa filamu. Picha walizoleta hazikuwa na mfano: wazamiaji wakishuka na mienge inayowaka ndani ya maji, rangi nyekundu na za njano za matumbawe zikionekana kwa sababu ya taa, chewa mkubwa wa kisiwa cha Assumption, huko Seychelles, akiwafuata wazamiaji kama mbwa wa nyumbani. Na ndani ya filamu hiyohiyo zimo zile baruti.

Kuna zaidi. Calypso ilimgonga mtoto wa nyangumi wa aina ya kashaloti na kumkata kwa panga za injini. Walimpiga risasi kumaliza mateso yake. Damu ikawaita papa. Watu wa meli walizamisha ngome ya chuma na kupiga picha papa wakila. Kisha, kwa hasira, wakaanza kuwavuta papa juu kwa ndoana na kuwapasua kwa mashoka. Hakuna aliyesema kuna kosa. Filamu, yenye jina la Kifaransa linalomaanisha dunia ya ukimya, ilipata Palme d'Or huko Cannes mwaka wa 1956, ya kwanza kwa filamu isiyo ya kubuni, halafu ikapata Oscar. Watazamaji wa wakati ule walipiga makofi hata pale shoka liliposhuka, maana karibu kila mtu aliamini kwamba papa mzuri ni papa aliyekufa.

Je, ni kweli hakukuwa na njia nyingine ya kuhesabu? Jibu lilikuwa tayari limeandikwa. Mwaka wa 1954, mwaka mmoja kabla ya safari ile, mtaalamu Vernon Brock wa Hawaii alichapisha maelezo ya njia rahisi sana: laza kamba kwenye sakafu ya bahari, mzamiaji aogelee juu yake, aandike kila samaki anayemwona pembeni. Alitumia mtungi wa hewa uleule wa Cousteau na Gagnan. Samaki walibaki hai, na kesho yake mtu angeweza kurudi palepale kuhesabu tena. Baruti haitoi nafasi hiyo: ukishaivunja nyumba ili kuhesabu wenye nyumba, hesabu ya pili haipo. Isitoshe baruti yenyewe haihesabu vizuri. Inapasua kifuko cha hewa ndani ya samaki, na wengi wao huzama badala ya kuelea.

Hata hivyo, tukimhukumu kwa haki, Cousteau hakuwa mwongo kabisa. Mwamba wa matumbawe umejaa matundu, na ndani ya matundu wanaishi samaki wadogo kama kidole ambao jicho la mzamiaji haliwaoni wala wavu hauwanasi. Mpaka leo wataalamu wanaotaka kuwajua wale wadogo kabisa hutumia dawa ya kuwalewesha au kuwaua katika kipande kidogo cha mwamba. Tofauti iko katika ukubwa wa kidonda.

Mwaka wa 1957 Cousteau aliacha jeshi na kuwa mkurugenzi wa jumba la elimu ya bahari la Monaco, kazi aliyoishikilia mpaka 1988. Aliendelea kusukuma jicho chini zaidi. Pamoja na Mmarekani Harold Edgerton, fundi wa taa za kumweka, alishusha kamera zisizo na mtu kwenye vina ambavyo mzamiaji angepondwa. Mwaka wa 1956 walitia nanga juu ya shimo la bahari ya Atlantiki lenye kina cha zaidi ya mita 7,000 na kupiga picha huko chini. Mwaka wa 1959 alitengeneza chombo cha duara cha watu wawili, chenye umbo kama sahani mbili zilizofunikana, kinachoshuka mpaka mita 300 na zaidi. Halafu zikaja nyumba za chini ya maji. Mwaka wa 1963, kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi mbele ya pwani ya Sudan, watu watano waliishi mwezi mzima ndani ya nyumba iliyowekwa mita kumi chini ya bahari, pamoja na kasuku. Sehemu ya gharama ilitoka tena kwa watu wa mafuta, waliokuwa wakitafuta namna ya kuwaweka wafanyakazi sakafuni mwa bahari.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Mwaka wa 1960 serikali ya Ufaransa ilitaka kutupa takataka za nuklia katika Mediterania. Cousteau alipaza sauti, wakaaji wa pwani wakasimama, mpango ukasitishwa. Pia alikuwa mtu anayerudi sehemu zilezile. Mahali alipopiga picha wakati wa vita, akirudi baada ya miaka ishirini, samaki wakubwa hawakuwepo, na mikanda yake ya zamani ikawa ushahidi wa walichokuwa. Bila kukusudia alikuwa amefanya hesabu ya kwanza kwa kamera.

Kuanzia 1968 mfululizo wake wa televisheni ulionyeshwa Marekani, kisha nchi nyingi, na moja ya vipindi vya mwanzo kabisa kilihusu papa. Mzee mwembamba mwenye kofia nyekundu ya sufu aliingia nyumba za watu ambao hawakuwa wameona bahari. Mwaka wa 1970 yeye na mwanawe Philippe walitoa kitabu kizima juu ya papa. Hofu ilikuwa bado imo, lakini papa sasa alikuwa mnyama wa kueleweka: anasikia mtikisiko kutoka mbali, ananusa damu kidogo sana, anazunguka kabla ya kukaribia. Mtu aliyemgonga papa kwa kamera sasa alikuwa anaegemea kamera na kungoja.

Philippe alikuwa ndiye mrithi. Tarehe 28 Juni 1979 ndege yake ya kutua majini ilipinduka katika mto Tagus, Lisbon, akafa akiwa na miaka 38. Baba hakupona kabisa kutokana na msiba ule. Kaka mkubwa, Jean-Michel, aliitwa kusaidia kazi, na miaka ya mwisho baba na mwana walifikishana mahakamani juu ya matumizi ya jina la familia kwenye hoteli moja ya Fiji. Simone alifariki Desemba 1990. Baada ya miezi michache tu Cousteau alimuoa Francine Triplet, ambaye tayari alikuwa amezaa naye watoto wawili. Wafaransa wengi walijua siku hiyo kwamba Komanda alikuwa na nyumba ya pili kwa muda mrefu.

Nje ya nyumba, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote. Alikusanya sahihi za watu wengi kupinga uchimbaji wa madini huko Antaktika, na mkataba wa mwaka wa 1991 uliosainiwa Madrid uliufungia mlango. Januari 1996 Calypso iligongwa na jahazi la mizigo bandarini Singapore ikazama. Iliinuliwa ikiwa gofu. Mwenyewe alifuata tarehe 25 Juni 1997, akiwa na miaka 87. Misa ilisomwa Notre-Dame de Paris, akazikwa Saint-André-de-Cubzac.

Kamera inayobaki peke yake

Wakati Cousteau anazeeka, watafiti wa Hawaii, New Zealand na Australia walikuwa wanashughulikia udhaifu wa mzamiaji anayehesabu. Mzamiaji anatoa mapovu, na samaki wengine hukimbia, wengine husogea kwa udadisi. Anachoka, anamaliza hewa, hawezi kushuka sana. Na papa, ambaye ni mchache na mwerevu, mara nyingi hapiti pale mtu alipo. Wakaamua kumwondoa mtu.

Kifaa chenyewe ni cha kawaida mpaka kinachekesha: fremu ya chuma, kamera ndani ya kasha, na mti mrefu mbele yake wenye mfuko wa chambo mwishoni, kama kilo moja ya samaki wenye mafuta waliopondwa. Kinashushwa kwa kamba kutoka mashua, kinaachwa saa moja, kinavutwa. Harufu inasambaa na mkondo, samaki wanakuja, kamera inaona. Baadaye mtu anakaa bironi mbele ya ekrani na kuandika. Ili samaki mmoja anayepita mara kumi asihesabiwe kuwa kumi, wanachukua idadi kubwa kuliko zote iliyoonekana katika picha moja ya wakati mmoja. Hesabu hiyo ni ya chini kuliko ukweli, lakini haidanganyi. Wakiweka kamera mbili kando kwa kando, kama macho ya mtu, wanaweza hata kupima urefu wa papa bila kumgusa. Chambo huwavuta wala nyama kuliko wala majani, na maji yakiwa na tope kamera haioni kitu, kwa hiyo wazamiaji bado wanahitajika.

Kwa njia hiyo, kati ya 2015 na 2018, timu za nchi nyingi zilipiga zaidi ya saa 15,000 za video kwenye miamba 371 katika nchi na maeneo 58. Matokeo yalitoka mwaka wa 2020 katika jarida la Nature. Karibu mwamba mmoja katika kila mitano haukuonyesha papa hata mmoja. Kenya na Qatar ni kati ya sehemu sita zilizokutwa karibu tupu: kwa jumla, miamba ya sehemu hizo, zaidi ya saa 800 za kamera, papa watatu. Palipokuwa na sheria za kufunga maeneo au kuzuia nyavu fulani, kama Bahamas na Maldives, walikuwepo kwa wingi.

Kwa watu wa mashariki mwa Congo jambo hili si la mbali. Kati ya 1995 na 2000, mradi wa viumbe vya ziwa Tanganyika uliunganisha Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, na watafiti wa kituo cha Uvira walikuwa ndani yake. Walishuka na mitungi mgongoni kwenye miamba ya pwani na kuhesabu samaki kwa macho, pamoja na kutumia nyavu, katika ziwa lenye zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya siklidi, karibu wote wasiopatikana penginepo duniani. Bila kuhesabu hivyo, mabishano kati ya mvuvi wa ndakala na ofisa wa mazingira juu ya nyavu za mbu yanabaki neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Huko Sha'ab Rumi nyumba ya watu watano iliondolewa, lakini banda la duara la chombo cha kuzamia bado limesimama sakafuni, pamoja na ngome za chuma ambazo wazamiaji wa Cousteau walizitumia kujikinga na papa. Matumbawe yameota juu ya vyuma mpaka vyuma havionekani vizuri. Papa bado wanapita pale, na wazamiaji wa siku hizi wanawatazama bila ngome.